Asilimia ya Watoto Gani?

Kila asubuhi Kapinga alichukua ndoo akaenda kupanga foleni penye bomba. Ilikuwa mwaka 1961, jimbo la Katanga lilipokuwa limejitenga na Kongo. Yeye na mama yake, watu wa asili ya Kasai walioandamwa huko, walikuwa wamekimbia nyumba yao katika kitongoji cha Makomeno na kuhamia kambi ya wakimbizi pembeni mwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Bomba lilitoa maji kidogo mno. Waliochoka kungoja waliteka mtoni, na watoto wakaharisha, akiwemo Lucien, mdogo wake Kapinga.

Daktari Mhindi wa Umoja wa Mataifa aliagiza kila mtaa wa kambi umwandikie kwa Kiingereza ripoti ya watoto wagonjwa. Matangi ya maji yalikuwa machache, nayo yangepelekwa kwenye shida kubwa. Kapinga alikuwa wa kwanza katika darasa la Kiingereza la Mwalimu Symphorien, basi kazi akapewa yeye. Alipita hema kwa hema. Kati ya watoto hamsini, ishirini waliugua. Akaandika kama alivyofundishwa: asilimia arobaini ya watoto hamsini wa mtaa wetu wanaharisha.

Papa Constantin, mkuu wa mtaa, alikunja uso. "Andika tisini kwa mia! Bakubwa banasikiaka namba kubwa tu."

"Tisini ya batoto gani, papa? Ile iko bongo, iko kudanganya batu. Siwezi kuandika bongo."

"Mutoto, unanibishia? Na ndugu yako akikufa?"

Maneno hayo yalimchoma moyo. Hata mama yake alimsihi akubali. Kapinga alilia, lakini hakubadili neno. Constantin akaichana karatasi. Kapinga akachukua nyingine, akaandika yaleyale kwa herufi kubwa zaidi. Ukaidi wa haki una raha yake!

Kesho yake daktari alifika, Symphorien akimtafsiria. Alianza na mtaa wa jirani, ulioandika "asilimia tisini" na kuishia hapo.

"Ya nani?" daktari aliuliza. Mkuu wao akarudia tu kwamba ni tisini. Daktari akaiweka kando ripoti ile.

Ya Kapinga, aliyomkabidhi mwenyewe, aliikagua hema kwa hema, akakuta kila kitu sawa. Siku hiyohiyo tangi likaletwa, na Lucien akapewa dawa.

"Asilimia haisimami peke yake," Symphorien aliwaambia wote. "Mwandishi aseme ni ya nani, na wamehesabiwa wangapi. Ukitia chumvi, hata mgonjwa wako wa kweli hataaminiwa."

Kapinga akachukua kalamu na kuelekea mtaa wa jirani.

"Unaenda wapi?" Constantin alifoka. "Bale bako na mukubwa wabo!"

"Batoto babo banagonjwa pia, papa. Naenda kubahesabu."

Akaenda.