Tundu la Kutokea

Jioni ile nilikwenda kwa mdogo wangu kukata uzi. Uzi tu, basi.

Kazi yangu ni kupamba vyumba, na chumba cha mwanawe nilikipamba kwa roho yangu yote. Zulia la manyoya lilitoka kwa wafugaji wa milimani, taa ya karatasi ilikunjwa kwa mkono ng'ambo ya bahari. Juu ya kitanda cha mtoto nikatundika kitambaa cha sufu chenye ndege na vijumba, kazi ya bibi mmoja mfumaji. Pembeni aliacha tundu la kupita kidole.

"Usilizibe, mwanangu," alinionya. "Watoto wakilala huingia humu kucheza. Hapo ndipo pa kutokea."

Nilicheka mbavu zikaniuma. Wazee nao! Lile tundu lilikuwa linaniharibia picha. Siku ya kupiga picha, mtoto akiwa amelala fofofo, nililishona. Mishono saba, na wala haionekani.

Wiki nzima mdogo wangu akawa ananishukuru kwa simu. Mtoto aliyelia tangu kuzaliwa sasa halii kabisa.

Kabisa?

Nikakosa raha. Nikabeba mkasi.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha. Na kulikuwa na kilio... chembamba, cha mbali, kama redio ya jirani. Nikainama kitandani. Mtoto alikuwa macho, mdomo ameufumba. Alinitazama mimi, kisha akautazama mkasi.

Akatabasamu.

Kilio kilitoka ukutani.

Kitambaa kilikuwa kinatuna penye mishono yangu. Kinatuna... kinanywea... kinatuna. Ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nikainua mkasi.

Mkono wa baridi ukanidaka.

"Usikate, dada," mdogo wangu alinong'ona.

"Mwanao yumo humu!"

"Najua. Namsikia tangu Jumatatu." Macho yake yalikuwa makavu. "Huyu analala. Na mimi nalala. Siku arobaini sikufumba jicho, ulikuja hata mara moja kunipokea mtoto?"

Nilikuja mara moja. Kupiga picha.

Akakitungua kitambaa, akakikunja vizuri, akanikabidhi kama anayerudisha bakuli la watu. "Nenda nacho kwako."

Sasa kimo kabatini mwangu. Jua likizama tu, kinaanza. Nilimkimbilia bibi mfumaji nikamweleza yote nikilia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwili wake uko karibu?"

Hauko. Nimerudi kule mara tatu, mdogo wangu amebadilisha kitasa, na dirishani kuna uso mdogo unaonichungulia.

Mkasi ninao. Kila jioni naushika, kisha nauweka chini. Kwangu hakuna mtoto. Nikikata hapa, atamwingia nani?

Leo amelia kidogo tu, akanyamaza.