Panya wa Mkia Mwekundu

Kila asubuhi ya likizo, Kwanini alifuatana na shangazi yake kazini. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu. Nyumbani walimwita Kwanini, maana tangu ajue kusema hakuwahi kumpumzisha mtu na maswali.

Shangazi alikuwa mtunza panya katika maabara ya utafiti. Akifika huvaa koti jeupe, huwapa panya chakula na maji, husafisha vizimba, kisha huketi mbele ya kompyuta kutazama video zao. Siku hiyo panya mmoja alikuwa akibonyeza kitufe ukutani mwa kizimba bila kuchoka.

"Shangazi, kwa nini anabonyeza na hakuna kinachotoka?"

"Zamani kilikuwa kinatoka. Akibonyeza, alikuwa akipata dawa ya kulevya kidogo. Tuliifunga, lakini kichwa chake bado kinaitafuta."

Kwanini alimkumbuka kaka yake. Mwezi wa nne sasa tangu aache heroini, ila jioni huenda mlangoni kama anayetaka kutoka kuitafuta, akashika kitasa, akasimama, kisha akarudi kuketi.

Shangazi akamweleza kazi yao. Nusu ya panya walipewa dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, ili ionekane kama itawapunguzia kutafuta. Nusu nyingine walipewa maji matupu. Kundi moja lilipakwa wino mwekundu mkiani, jingine wa buluu.

"Lipi limepewa dawa?"

"Sijui. Hata Daktari, mkuu wetu wa maabara, hajui. Mfamasia ameandika kwenye bahasha akaifunga."

"Kwa nini msijue?"

"Wewe hesabu kwanza, mama," shangazi akacheka. Mwenzake wa kuhesabu mara ambazo kila panya anabonyeza kitufe alikuwa mgonjwa, video zilikuwa nyingi, na Daktari alikubali Kwanini asaidie.

Kwanini alijitosa kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza tu aliamua kuwa wekundu ndio waliopewa dawa, kwa sababu manyoya yao yalikuwa laini na walijilamba kwa utulivu. Mmoja alipobonyeza mara thelathini na moja, alishtuka. Labda dawa haijamwingia sawasawa, alijiambia. Akaandika kumi na tisa. Alijiona kama anamsaidia kaka yake. Kuanzia hapo kila mwekundu alipunguziwa.

Wiki iliyofuata Daktari alifungua bahasha mbele yao. Alisoma, akatazama hesabu, akavua miwani.

"Makundi yamelingana. Buluu walipewa dawa, wekundu maji. Dawa haikusaidia kitu. Tutaiacha, tujaribu jambo lingine."

Kwanini aliitazama tena karatasi ya hesabu zake. Wekundu walipewa maji! Kumbe kwa kuwapunguzia hao wa maji, alikuwa ameificha kazi ya dawa aliyotaka ifaulu. Akisema, shangazi ataaibika mbele ya mkuu wake. Asiposema, dawa ile itatupwa na hakuna atakayejua. Akapiga moyo konde.

"Daktari, nimeandika uongo."

Alieleza yote, machozi yakimlengalenga. Shangazi aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu pia," alisema. "Hesabu ya mtu mmoja hairuhusiwi, nami sikuirudia."

Daktari hakupaza sauti, ingawa uso ulikuwa umekunjamana. Aliagiza kila video ihesabiwe upya na watu wazima wawili, wasioambiana. Kazi hiyo iliwachukua siku tatu. Hesabu za kweli zilionyesha buluu walibonyeza kitufe mara chache kuliko wekundu.

"Kwa hiyo kaka apewe?" Kwanini aliruka.

"Taratibu! Hawa ni panya, tena ni wachache," Daktari akajibu. "Kuna kazi ya miaka kabla ya kuwafikia watu. Kaka yako afuate matibabu aliyopewa na daktari wake."

Walipobaki wawili, shangazi akavuta kiti. "Uliniuliza kwa nini hatujui yaliyomo kwenye bahasha. Sasa unajua. Sote tunatamani dawa ifaulu, na mtu akitamani sana, mkono wake huandika anachotaka. Uongo wako ulikuwa na nia njema, lakini nusura umnyime mgonjwa nafasi ya kupona. Ukitaka kumsaidia mtu, mwandikie kilichopo."

"Nimekosa, shangazi."

"Umekosa, na umekiri. Mimi hilo la pili nimeliona."

Jioni ile Kwanini alikaa sebuleni na daftari. Mara kwa mara kaka alienda mlangoni, akashika kitasa, akarudi. Mwishowe akamchungulia.

"Unaandika nini wewe?"

"Nahesabu ukienda mlangoni. Kama hutaki, naacha."

Kaka akatabasamu. "Basi andika mara moja, mama afurahi."

"Umeenda mara nne."

Kaka akaketi karibu yake.

"Andika nne," alisema. "Jana nilienda mara saba, najua mwenyewe. Nikipungua kweli, nataka nami nione."