Kikaragosi Aliyemsahihisha Ronny

Siku ya kwanza Pimbi alipomsahihisha, Ronny alidhani mitambo imeharibika. Alikuwa amesema "hii mtoto inapenda maziwa", mkono wake ukiwa ndani ya Pimbi, kikaragosi cha kitambaa cha kipindi cha watoto cha runinga. Walipoirudia rekodi hapo studioni Kisauni, Pimbi akasikika akisema, "Mtoto huyu apenda maziwa." Sauti ilikuwa ya Ronny. Kiswahili hakikuwa chake, na kingekuwaje? Miaka tisa Mombasa, bado asema "nimekam" badala ya "nimekuja".

Na huyo ndiye mwalimu wa watoto wetu, jamani! Kazi ya Pimbi ilikuwa kusema neno kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kiingereza Ronny akikipiga pasi; Kiswahili akikimwaga kama maji ya vyombo. Wenyeji aliwaona wajinga kwa kuwa husema polepole.

Nyamvula, fundi wa nguo za Pimbi, ndiye aliyenusa udi mdomoni mwa kikaragosi, ilhali hakuna aliyefukiza. Akasikia na kikohozi cha mzee humo humo. Alipoambiwa kwamba Ronny ametunga mchezo mpya, Pimbi aite jina na watoto majumbani waitike "abee", akamvuta kando.

"Kaka Ronny, usithubutu," alinong'ona. "Huku mtoto haitiki sauti ambayo mwenyewe hajulikani. Akiitika, amejitoa."

"Wacha hizo story, mathe. Nyinyi watu wa Coast mnaogopa hata kivuli!"

Haya. Jumamosi asubuhi, kipindi kikiwa hewani, Ronny alifungua kinywa aite jina lililoandikwa, Baya, na kabla hajatoa pumzi akahisi ulimi ndani ya kitambaa, ulimi baridi wenye mate, ukivisukuma vidole vyake kando kimoja kimoja, na mdomo wa Pimbi ukafunguka wenyewe, na udi ukatanda studio nzima hadi mpiga picha akapaliwa, na sauti ya mzee mstaarabu ikaita taratibu, "Caroline."

Caroline ni binti yake Ronny, wa miaka mitano.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, Dorothy, yuko nyumbani Changamwe. "Ronny, Caro ameitika abee, akaanguka! Macho yako wazi lakini haongei. Anazidi kuwa baridi, Ronny!"

Ronny akauchomoa mkono, akamtupa Pimbi mezani. "Wee doll! Rudisha mtoi yangu!"

Pimbi akaketi mwenyewe. "Huyu hakufunzwa kwao?" akamuuliza Nyamvula.

Nyamvula akamvuta Ronny shati. "Huyu ni jini wa kale, kaka, hapendi dharau," alimnong'oneza Ronny. "Mwamkie, kisha umuombe kwa adabu. Sema: naomba mtoto wangu. Maneno matatu tu, na uyaseme sawasawa. Atakalosikia ndilo atakalorudisha."

Ronny akapiga magoti. Jeuri yote kwisha, makamasi hadi kidevuni. Alimpenda binti yake, hilo tusimnyime.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Naomba... naomba mtoto yangu."

Nyamvula akafumba macho.

"Marahaba," Pimbi akajibu kwa upole. "Mtoto yako huyo simjui, bwana. Niliye naye mimi ni mtoto wangu."

Kwenye simu, Dorothy akaanza kupiga mayowe.