Hanywi Mtu Mpaka Saa Mbili

...kaikumbatia chupa ya chai kama mtoto, mama mkwe mwenyewe! Weee, ngoja nikuhadithie vizuri, bado nacheka.

Napanga chumba na Matilda, hapa Mlandege, Iringa. Mwezi wa tatu alienda Mbeya, soko la Mwanjelwa. Jua linawaka, yeye kavaa masweta mawili juu ya gauni la njano! Muuza mitumba mmoja mrefu, Ambokile, akamwita, "Dada, wewe jokofu? Njoo nikuongezee la tatu!"

"Lete, ila liwe jekundu."

Simu zikaanza. "Jokofu wangu, umekula?"

Asichojua: tezi ya shingo ya Matilda ni mvivu, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo inamtia baridi, na kuna siku sonona inamlaza, hata nywele hachani. Kila asubuhi anameza kidonge tumbo tupu, anakaa saa nzima ndipo anywe chai. Aliogopa kusema, asije akaachwa.

Basi akapelekwa kwa mama Ambokile, Uyole. Kumekucha tu, chai ya maziwa hiyo!

"Nitakunywa baadaye, mama."

Kikombe kikapoa. Mama akanuna. "Huyu anadhani nitamroga?"

Ambokile naye, "Mati, unamdharau mama yangu?"

Matilda akafunga begi, akarudi Iringa. Wiki mbili simu imezimwa, pazia halifunguliwi. Halafu yule dada, asubuhi moja, akaoga, akaenda kliniki mwenyewe, akamweleza daktari yote, hata anavyolia bila sababu. Mimi ningeweza? Thubutu! Akarudi, akapiga simu.

"Ambo, sikukataa chai ya mama. Naumwa tezi. Na sonona. Kidonge ni cha maisha. Ukiniacha, niache ukijua."

Naye, "Jokofu wangu, mbona ulibeba peke yako?"

Leo saa moja, hodi! Walilala kwa ndugu yao Kihesa ili wawahi. Ambokile, shati limenyooka pasi. Nyuma yake mama na chupa.

"Mwanangu, umemeza saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama."

"Basi hanywi mtu mpaka saa mbili. Na wewe, weka hilo andazi!" Mimi huyo!

Tukasubiri. Ambokile akamshika mkono. "Nikuoe, Mati?"

"Siku mbaya zitarudi, Ambo."

"Zikirudi zinikute."

Matilda akatazama saa ya ukutani, machozi yanamtoka, anacheka. "Saa mbili kamili. Mama, mimina. Nimekubali."

Ya posa nakupa kesho, naitwa nikaoshe vikombe. Nilikunywa vitatu!