Jirani Aliyelikubali Jengo

Shimo lilinuka supu.

Hortensia Quisbert aliinama tena akanusa vizuri, asije akajidanganya. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimezungushiwa mabati katikati ya mtaa wa Sopocachi, na baridi ya Agosti ilikuwa inawauma wote masikio. Hapakuwa na jiko karibu. Hata hivyo, kwenye tundu jembamba lililotobolewa na mashine ulipanda mvuke wa nyama ya kondoo na viazi vikavu, na chini kabisa kijiko kilikuwa kinakwangua bakuli.

"Rolando, unasikia?"

Mdogo wake, fundi wa mashine ile, alicheka. "Nasikia njaa yako, dada."

Kisha akainama mwenyewe, na kicheko kikamkauka.

Kampuni moja ilitaka kujenga ghorofa ndefu ya makazi pale, na Hortensia ndiye aliyepewa kazi ya kutathmini mazingira na matumizi ya ardhi, aseme kama panafaa watu kuishi. Asubuhi ile mafundi walitaka kwanza aitwe mganga ailishe ardhi, kwa sababu mwezi wa Agosti ardhi huwa imeachama na ina njaa. Hortensia alikataa.

"Ardhi hulishwa siku ya kuweka msingi," aliwaambia. "Sisi tunapima tu. Tundu la kupimia si kuchimba."

Wakakubali, maana hata wazazi wao hawakuwahi kusema lolote kuhusu tundu la kupimia. Udongo ukatoka umelowa, mlegevu, usiotulia hata ndani ya ndoo. Chini yake ulipita mto wa zamani uliofunikwa kwa zege, na Hortensia alijua tangu siku hiyo kwamba pale hapajengeki.

Jumamosi majirani waliitwa kiwanjani kutoa maoni, kama ilivyo desturi. Walikuja na hasira zao.

"Jua langu atanirudishia nani?" alifoka Mama Gumersinda, muuza maua. "Nguo zangu zitakauka lini, mwaka kesho?"

"Na maji? Sasa hivi tu bomba linatema hewa!"

Mstari wa mbele alikaa mzee mfupi mwenye kipara na kitambi, amevaa koti lenye nyuzi za dhahabu, anatabasamu. Alinyoosha mkono.

"Mimi nakubali. Nimeishi hapa muda mrefu, tena peke yangu. Watakuwa wengi, eti, injinia?"

"Familia nyingi tu, mzee wangu."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Karibuni sana," akasema mzee, akajifuta midomo.

Mkutano ulipokwisha kampuni iligawa bia. Kila mtu alimwagia ardhi kidogo kabla ya kunywa. Mzee alimwaga yote kooni mwake, kisha akamshika Rolando bega, akamwita mwanangu.

Mama Gumersinda alimvuta Hortensia pembeni. "Yule ni nani?"

"Si jirani yenu?"

"Nimezaliwa mtaa huu, simjui," alinong'ona. "Na hakumwagia ardhi. Mtu wa hapa hasahau hilo, mama. Labda yeye hana wa kumwagia."

Tangu siku hiyo Rolando alianza kuisha. Alikula bakuli baada ya bakuli, na mashavu yakazidi kubonyea. Kila alipokula, chini ya sakafu kijiko kilikwangua, nyumba ikanuka kondoo bila mtu kupika. Hortensia alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, na sasa alimnyanyua kitandani kwa mkono mmoja. Alilia chooni, asimtie hofu.

Mganga, Mzee Saturnino, alitupa majani ya koka juu ya kitambaa, akayatazama, akashusha sauti. "Ni Anchanchu, lile jini linalocheka. Linakukaribisha, linakulisha, kumbe linakunyonya. Tulilishe, tuzibe tundu. Nawe uandike ukweli, kwamba pale hapalaliki. Likikosa wageni litahama, ila si leo wala kesho."

"Baba, Rolando hana kesho."

Walichoma sadaka kiwanjani: peremende, mafuta, kijusi kikavu cha lama, mnyama wa mizigo wa milimani. Majivu mazuri huwa meupe. Haya yalitoka meusi, yamelowa, na mganga akafunga mfuko wake.

Hortensia akakimbilia nyumbani, na tangu ngazini akasikia kijiko, si chini ya sakafu sasa bali nyuma ya mlango wake mwenyewe, akasukuma mlango huku harufu ya kondoo inamjia, akamkuta yule mzee amekaa kitandani, amekipakata kichwa cha Rolando kama mama, anamlisha taratibu, na kila kijiko kilichoingia, mdogo wake alizidi kunyauka, na mzee alizidi kunona na kutabasamu.

"Karibu, binti yangu. Jisikie nyumbani."

"Mwache," alinong'ona. "Nakuomba, mwache."

"Wewe andika panafaa. Yeye simfuati tena. Mmoja wa nini, nikiwa na jengo zima?"

Hortensia aliwafikiria wale watoto. Akamtazama Rolando. Akakaa mezani, akaandika panafaa, na hakumwambia mtu.

Rolando alipona ndani ya wiki. Ghorofa ikapanda, mapazia yakatokea madirishani. Hortensia alizoea kupita njia ya mbali, hata mvua ikinyesha.

Kisha jioni moja Rolando akaingia, mnene, mwekundu wa furaha, amebeba chungu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Dada, nimepata nyumba! Ghorofa ya chini kabisa ya lile jengo lako. Tayari nimeshahamisha kitanda."

"Nani kakupa?"

"Mzee mmoja mchangamfu, anasema mnajuana. Kakusalimu sana. Eti nikwambie hakunifuata, nimekuja mwenyewe. Ana maana gani?"

Akaweka chungu mezani, akafunua kitambaa.

"Na hii katuletea. Kula, dada, bado ya moto."