Nyanya Zenye Unga

Chiriku hakuwa ndege. Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Bibi yake alimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akila, alizungumza akioga, na siku nyingine alizungumza akiwa usingizini.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mbele ya nyumba. Sauti ya cherehani na sauti ya Chiriku zilikwenda pamoja mchana kutwa.

"Mama, mbona sindano haina miguu lakini inakimbia?"

"Inafukuzwa na mguu wangu. Sogea, nisije nikakushona na wewe."

Siku ya soko, Bibi ndiye aliyekwenda kununua mboga. Alikuwa mama mkwe wa fundi, na waliishi naye nyumba moja. Kwa kuchagua nyanya, Bibi hakuwa na mpinzani. Wanawake wa mtaa walimfuata sokoni ili waone mkono wake unakwenda wapi. Alipochagua yeye, ndipo nao walichagua.

"Nyanya yenye unga mweupe ndiyo nyanya," Bibi aliwaambia. "Ule unga ni wa shambani. Ukiuona, jua nyanya haijashikwashikwa."

Wote waliamini. Na kweli, nyanya zile zilikuwa nzuri. Zililingana kama zimetoka tumbo moja. Hazikuwa na doa wala kovu.

Bibi akirudi, aliita kutoka njiani, "Mume wangu yuko wapi? Aje achukue haki yake!"

Chiriku alitoka mbio. Bibi alichagua nyanya kubwa kuliko zote, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akampa. Chiriku aliila pale pale kizingitini, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Lakini jioni, nyumba ilinyamaza. Chiriku alijikunja kwenye mkeka, mikono tumboni. Alitapika. Mate yalimjaa mdomoni. Hakuuliza swali hata moja. Kwa mama yake, ukimya ule ulitisha kuliko kilio.

Kesho yake alipona. Siku ya soko iliyofuata, akaumwa tena. Na iliyofuata, tena.

Mama yake alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima. Hakumkuta na minyoo wala malaria. "Angalia anachokula," alisema. "Na akitapika tena, mlete siku hiyo hiyo, usingoje apone. Akishindwa kupumua vizuri, kimbia naye."

Mama alirudi akachemsha maji yote ya kunywa. Alisugua sufuria mpaka zikawa kama vioo. Alikata kucha zake na za mtoto.

Bibi alimtazama tu. Kisha siku moja wakila, alisema mbele ya mwanawe, "Mtoto haumwi bure. Ni mkono wa mpishi."

Baba Chiriku alikuwa mwashi. Kutwa nzima alipanga matofali yakasimama wima, lakini kati ya mama yake na mke wake alishindwa kusimama. Aliinamia sahani yake.

"Mwisho wa mwezi shangazi yake atakuja," Bibi aliendelea. "Nitampa amchukue. Akakae huko mpaka apate nguvu."

"Mama, tafadhali," mke alisema. "Ni mwanangu."

"Ni mjukuu wangu pia. Unataka tumzike?"

Kuanzia siku ile fundi alishona vibaya. Aliunga mkono wa blauzi kwenye shingo, akafumua, akaunga tena pale pale. Kila alipomwona Chiriku akicheza, alifikiri: mwisho wa mwezi, baraza hii itakuwa na cherehani peke yake.

Jirani yao mmoja aliitwa Bi Mabuti. Aliwahi kufanya kazi ya kupuliza dawa katika shamba kubwa lililo ng'ambo ya barabara kuu. Kazi aliiacha alipoanza kukohoa, lakini mabuti hakuyaacha. Aliyavaa akifua, akifagia, hata akienda harusini kama mvua imenyesha.

Siku ya soko alikuja kuongezewa sketi yake kiunoni.

"Sketi imepungua?" fundi alimtania.

"Imepungua, shoga yangu. Mimi niko vile vile."

Wakati huo huo Bibi alirudi na kikapu. "Mume wangu yuko wapi?" Chiriku akatoka mbio. Bibi akafuta nyanya kwa upindo. Chiriku akafungua mdomo.

"Acha!" Bi Mabuti alipiga kelele. Alimpokonya mtoto nyanya kabla hajaitafuna.

Bibi alisimama, mkono kiunoni. "Wewe! Unampokonya mtoto chakula ndani ya nyumba yangu?"

"Bibi, nisamehe. Shikamoo kwanza. Huu unga mnajua ni nini?"

"Marahaba. Ni unga wa shambani. Nani asiyejua?"

"Ni dawa, Bibi. Dawa ya ukungu, na nyingine ya wadudu. Mimi nimeipuliza kwa mikono yangu."

Fundi aliacha cherehani.

"Tulipopuliza tulivaa mabuti, glavu na barakoa," Bi Mabuti alisema. "Msimamizi alitukataza kushika hata kikombe kabla ya kuoga. Sasa niambie, Bibi yangu. Kitu ambacho mimi nilikivalia mabuti, mume wako anakilamba?"

"Nimekula nyanya tangu sijaota meno," Bibi alisema. "Mbona sikufa?"

"Zile za zamani zililimwa kidogo kidogo, kwa samadi. Hizi ni za lori. Shamba zima ni nyanya tupu. Mdudu akiingia anakuta karamu, basi linapulizwa shamba zima, tena na tena. Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuchuma. Siku hizo zimeandikwa kwenye kopo. Lakini lori likija, lori halingoji. Nimeona tunapuliza asubuhi, wanachuma jioni. Na mtoto ana mwili mdogo, tena anaila mbichi; ndiye anayeumia kwanza."

Fundi alileta bakuli la maji safi. Aliosha nyanya ile moja tu. Maji yakawa meupe kama maji ya mchele. Wote watatu waliyatazama.

"Basi tuzioshe," fundi alisema. "Kumbe dawa yake ni maji."

"Osheni, tena kwa maji yanayotiririka. Msifute kwa nguo. Lakini kuosha hakumalizi yote. Dawa nyingine huingia ndani ya nyanya. Kilicho bora ni kununua ambazo hazikupulizwa."

Bibi aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Siku ile Chiriku hakula nyanya. Jioni aliuliza maswali mpaka baba yake akajifunika mto. Fundi alisikiliza kila swali. Alikuwa na hofu ya kufurahi mapema.

Asubuhi Bibi alitoka amevaa, fimbo mkononi. Alimwendea Bi Mabuti mlangoni kwake. "Vaa mabuti yako. Twende sokoni. Na wewe, mke wa mwanangu, twende."

Haikuwa siku ya soko, lakini walimkuta muuza nyanya wao, Bi Beseni, amekaa nyuma ya mabeseni yake mekundu, akimalizia nyanya za jana.

"Hizi zimepulizwa lini?" Bibi aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Zimekuja na lori."

"Kwa nini unatuuzia dawa?"

Bi Beseni alicheka kwa uchungu. "Bibi, si wewe uliyenifundisha? Mwaka jana nilileta nyanya za yule mkulima wa bondeni, anayelima kwa samadi. Ulizitazama ukasema zina ndui. Soko zima likacheka. Zikaniozea, nikazimwaga. Nikaanza kuchukua za lori, zenye unga, kama unavyopenda."

Fundi alimtazama mama mkwe wake. Alingoja akasirike. Bibi aliegemea fimbo.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema hatimaye. "Macho yangu yaliona sumu, yakadhani ni sifa. Sawa. Waliocheka nami, ndio watakaonunua nami."

Jioni ile aliwasimamisha wanawake bombani, ndoo zao zikiwa kwenye foleni. Bi Mabuti alieleza aliyoyafanya shambani. Fundi alileta nyanya na bakuli, maji yakageuka meupe mbele ya kila mmoja.

"Sasa tusile nyanya?" mmoja aliuliza.

"Tule," fundi alisema. Alizoea kuongea na vitambaa, si na watu. "Lakini tuseme tunachotaka. Muuzaji analeta tunachonunua. Tukinunua unga, ataleta unga. Tukikataa sote, atakwenda kumpelekea nani?"

"Akija mmoja wetu akanunua kwa siri?"

"Atakutana na fimbo hii," Bibi alisema. Wakacheka.

Walikwenda bondeni kujionea. Mkulima aliwaonyesha lundo la samadi. Aliwaonyesha vitunguu alivyovipanda kati ya nyanya, na majani makavu aliyoyatandaza chini. Viwavi aliwaokota kwa mkono, mmoja mmoja.

"Kusema kweli, nilikuwa nataka kununua pampu ya dawa," aliwaambia. "Nyanya yenye kovu hainunuliwi."

"Sisi tutanunua," Bibi alisema. "Yenye kovu, yenye kibyongo, hata yenye chongo. Lakini usitudanganye. Ukipuliza, tuambie."

"Kovu tu halitoshi," Bi Mabuti aliongeza. "Hata nyanya iliyopulizwa inaweza kuwa na kovu. Ndiyo maana tumekuja kuona, na tutarudi tena."

Siku ya soko iliyofuata, Bi Beseni alipanga nyanya za bondeni. Moja ilikuwa kubwa, nyingine kama gololi. Moja ilikuwa na kovu kutoka juu mpaka chini.

"Hii imepigana na nani?" mteja mmoja aliuliza.

"Na kiwavi," Bibi alijibu. "Na imeshinda. Nipe mimi."

Mkono wa Bibi ulikwenda kwenye nyanya yenye kovu. Mikono mingine ikafuata. Kabla ya adhuhuri, beseni lilikuwa tupu, na Bi Beseni aliligeuza akalikalia ili apumzike. Lori la shamba kubwa liliondoka na zaidi ya nusu ya mzigo wake. Dereva aliuliza kuna nini. Kila mwanamke alimjibu kwa swali moja: zimepulizwa lini? Safari iliyofuata alikuja na msimamizi wa shamba, aje asikie mwenyewe.

Siku za soko zilipita. Chiriku alikula nyanya zilizooshwa, na tumbo halikumuuma tena. Muuguzi alimwona akasema, "Huyu amepona. Sasa mpunguzeni maneno."

Mwisho wa mwezi shangazi alifika, na begi tupu la nguo za mtoto. Fundi alimwona kutoka barazani. Mguu wake ulikwama kwenye cherehani.

Bibi alitoka nje kabla mgeni hajakaa. Alilichukua lile begi, akaingia nalo jikoni. Alirudi limejaa nyanya.

"Peleka hizi kwako, mwanangu. Mume wangu haendi popote."

"Mama, si ulisema mtoto anaumwa? Kwamba ni mkono wa…"

"Mkono wa mpishi hauna neno," Bibi alisema. Alisema kwa sauti, ili mtaa usikie. "Macho ya mnunuzi ndiyo yaliyokuwa na kasoro."

Chiriku alijipenyeza katikati yao. "Shangazi, kwa nini begi lako linanuka nyanya? Shangazi, unajua kiwavi ana miguu mingapi? Shangazi, mbona mama halii na macho yake yana maji?"

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Kazi ya watu ingengoja. Alitaka kuisikia ile sauti peke yake, bila kuchanganyika na kitu chochote.