Ngege wa Lambo la Bibi Nyamizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mina alikuwa na kazi moja isiyompendeza hata kidogo: kufukuza makorongo. Mama yake alikaanga mapanki kando ya soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya, na katika miaka ile ya tisini, viwanda vilipokuwa vikiota kila upande, mapanki ndiyo yaliyokuwa mboga ya watu wengi wa Mwanza. Mama aliyaanika juu ya chanja tangu alfajiri, na makorongo wa Mwanza hawana haya. Ukigeuka kupiga chafya, kichwa kizima cha sangara kimekwenda.

Jina lake kamili lilikuwa Wilhelmina, lakini jina hilo lilimshinda kila mtu isipokuwa padri. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Wiki ile, hata hivyo, maneno yalikuwa yamemkauka. Mwalimu Bernadetta, aliyefundisha sayansi darasa la sita, alikuwa ametangaza shindano. Kila mwanafunzi alete samaki mmoja aliyevuliwa katika ghuba ya Mwanza. Atakayeleta aina ambayo ni adimu kuliko zote angepelekwa Ukerewe kwa boti ya Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi.

Mina alikuwa hajapanda boti maishani mwake. Amezaliwa Kirumba, amekua akisikia mawimbi, na boti alikuwa akiziona zikipita tu! Queen, mwenzake wa dawati moja, alikuwa ameshampata gogogo, samaki mwenye miiba anayekoroma ukimshika, na tangu siku hiyo hakukaliki naye.

"Na wewe Mina utaleta nini? Panki?" Queen aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Jumapili, Mina alitumwa na mama yake kupeleka chumvi na sabuni kwa Bibi Nyamizi, kijijini huko Misungwi. Bibi alikuwa ametoka lamboni, bwawa la kijiji la maji ya mvua, kuchota maji ya mbuzi, na ndani ya ndoo yake mlikuwa na samaki mmoja akizungukazunguka, kapotea njia. Alikuwa wa mviringo, mwenye kichwa kidogo na wekundu hafifu kifuani. Alifanana na sato lakini hakuwa sato. Mina, ambaye kila siku alipita katikati ya meza za samaki pale Mwaloni, hakuwahi kumwona wa namna ile.

"Mrudishe," alisema Bibi. "Lambo halivuliwi mpaka siku yake ifike."

"Mmoja tu, Bibi. Ni wa shule."

Bibi alimwangalia, akacheka, akampa. Mina akampakata samaki yule ndani ya kidumu kilichokatwa juu, akapanda naye basi. Walipofika Mkuyuni, wakikaribia mjini, samaki alikuwa amekwisha kufa. Sheria ya shindano ilisema samaki awe wa ghubani, naye Mina aliijua sheria hiyo vizuri kabisa. Lakini ziwa ni kubwa, alijiambia, nani atauliza samaki alitoka maji gani?

Jumatatu, Bwana Samaki mwenyewe alifika darasani. Aliitwa Mutayoba, Mhaya mrefu mwenye miwani na sauti ya chini. Alipita meza kwa meza akitaja majina: sangara, sato, dagaa, furu wawili watatu, kambale, gogogo wa Queen. Alipofika kwa Mina alisimama. Alimgeuza samaki upande huu na upande ule, akaufungua mkia wake kama mtu anayekunjua mbawa za kipepeo.

"Sato ana mistari mkiani," alisema polepole. "Huyu hana. Mwalimu, huyu ni ngege! Nilipokuwa mtoto tuliwala hawa kila siku. Halafu zikaja nyavu nyingi, akaja sato wa kigeni, akaja sangara, na mimi nina miaka kadhaa sijamwona ngege hata mmoja katika ghuba hii." Akainama mpaka macho yake yakalingana na ya Mina. "Mwanangu, umemvua wapi?"

Queen alikuwa amekodoa macho.

"Kule kwenye mawe, nyuma ya matete," alisema Mina. "Kwa ndoana."

Neno limeshatoka, nani alirudishe? Alipigiwa makofi, na kwa siku nzima alitembea shuleni kichwa juu. Usingizi ndio uliomgomea.

Ijumaa asubuhi, Mina akiwa bado anapigana na makorongo, mjomba wake Ngosha alitokea sokoni akiwa amebeba matenga mawili mapya.

"Shikamoo, mjomba. Matenga ya nini?"

"Marahaba. Hujui? Kesho ni siku ya lambo! Maji yamebaki magotini, jua limekuwa kali mno mwaka huu. Kesho kijiji kizima kinaingia, tunazoa samaki wote, hata kifaranga hatuachi. Jumatatu trekta linakuja kuchimbua tope ili lambo liwe na kina." Mjomba alitabasamu. "Mwambie mama yako nitamletea kambale."

Mina aliacha kufukuza makorongo. Wote. Hata kifaranga. Kisha, na hapa ndipo alipojiogopa mwenyewe, wazo jingine likamjia: wakishaliwa wote, hakuna atakayejua kamwe. Uongo wake utakuwa salama. Ni kunyamaza tu, leo na kesho.

Alipofika shuleni, aliambiwa boti inamngoja ufukweni. Haikuwa ile safari ya Ukerewe. Bwana Samaki alitaka aonyeshwe mahali penyewe, ili wamtafute ngege aliye hai. Mwalimu Bernadetta alifuatana naye, na Queen akaomba mpaka akakubaliwa.

Hiyo ndiyo ikawa safari ya kwanza ya Mina kwa boti, safari aliyoiota miaka yote, na aliketi ndani yake kama aliyeketi juu ya siafu. Gugu maji lilikuwa limeziba sehemu kubwa ya ghuba, zulia la kijani lenye maua ya zambarau. Mara mbili injini ilikwama, na Bwana Samaki akavua shati, akainama kukwangua mizizi iliyojisokota kwenye propela.

"Ni hapa?" aliuliza walipofika kwenye mawe.

"Hapa," alisema Mina.

Wavu ulitupwa. Ukapanda na sangara mdogo. Ukatupwa tena. Sato watatu. Jua lilipanda, jasho likamtiririka Bwana Samaki, na kila wavu ulipovutwa alisogea mbele kwa matumaini ya mtoto mdogo. Kila mara Mina aliomba ngege atokee, ingawa alijua fika kwamba hayumo.

"Pengine zaidi kushoto," alisema Mwalimu.

"Mina, ulisimama jiwe lipi?" aliuliza Queen. Safari hii hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kwa kusaidia, na hilo liliuma kuliko kicheko.

Bwana Samaki aliketi, akafuta miwani. "Unajua kwa nini sikati tamaa? Hapa palikuwa na furu wa kila rangi, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine viluwiluwi vya mbu. Kila mmoja na kazi yake, na maji yakabaki safi. Wengi wametoweka bila hata mtu kuwapa jina. Ngege naye alikuwa mlaji wa mwani. Tukimpata hai, hata wachache, tunaweza kuwazalisha. Wakiisha hao, basi. Hatuna pengine pa kuwatoa." Akasimama. "Kesho tutarudi. Nitakuja kesho na keshokutwa, mpaka niwapate."

Kesho. Mina aliliona lambo, akaona matenga ya mjomba yakishuka majini. Alimtazama mtu yule mzima aliyelowa tope kwa ajili ya uongo wake. Akapiga moyo konde.

"Sikumvua hapa."

"Unasemaje?"

"Sikumvua hapa. Sikumvua kabisa." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta. "Ametoka kwenye lambo la kijijini kwa bibi yangu, Misungwi. Wako wengi. Lakini kesho asubuhi wanawazoa wote!"

Mwalimu Bernadetta alifumba macho. Queen alitazama maji. Bwana Samaki hakufoka, na laiti angefoka. Alivuta kamba ya injini kwa nguvu zake zote.

"Hasira nitakuwa nazo baadaye," alisema. "Kesho alfajiri uwe mlangoni kwenu."

Jumamosi Landrova ya idara ya uvuvi ilitoka mjini ikiwa na mapipa matatu nyuma, Mina katikati ya Bwana Samaki na Mwalimu. Mama, aliyeambiwa yote usiku uliopita, hakuwa amesema neno ila moja: "Nenda ukayatengeneze." Walipoiacha barabara kuu na kushika njia ya kijijini, walikutana na kundi la ng'ombe lililojaa njia yote. Honi ilipigwa, ng'ombe wakatazama tu. Mbele yao, ng'ambo ya mashamba ya pamba yaliyovunwa, watu walionekana wamezunguka lambo.

Mina hakungoja kuambiwa. Alimruka Mwalimu, akaruka chini, akakata katikati ya shamba. Mabua ya pamba yalimchanachana miguu. Alikuwa anaijua desturi ya pale, na desturi hiyo ndiyo iliyokuwa tumaini lake pekee: hakuna anayetia mguu lamboni kabla ya mtu wa nyumba iliyoleta samaki. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bibi Nyamizi. Zamani sana, babu yake Mina aliwatoa samaki wale ziwani, akawasafirisha ndani ya vyungu vya maji juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akawamimina humo. Bibi akishatia mguu, kijiji kizima kinaingia kwa kelele, na hakuna wa kukizuia.

Bibi alikuwa amekwisha kukunja khanga hadi magotini. Mwenyekiti wa kijiji, Chenge, alikuwa amesimama kando yake, ndoo mkononi.

"Bibi! Usiingie!"

Mguu wa Bibi ulibaki hewani. "Mwangaluka, mjukuu wangu," alimwamkia kwa Kisukuma, kwa mshangao. "Mbona huna hata salamu?"

"Shikamoo, Bibi. Usiingie." Mina alikuwa anahema. Macho ya kijiji kizima yalikuwa juu yake, na alitamani ardhi ipasuke. "Yule samaki uliyenipa, nilidanganya. Nilisema nimemvua ziwani ili nishinde. Wakamtafuta ziwani na hayupo. Wamekwisha, Bibi. Bwana Samaki anasema ghuba nzima hakuna hata mmoja. Labda wamebaki hawa wa babu."

Minong'ono ilizuka. "Maneno ya mjini hayo!" alisema mtu. Mwenyekiti Chenge alikunja uso. "Binti, watu hawa wamengoja mboga mwaka mzima. Maji yenyewe yanakauka. Tuwaache waoze?"

Mina alimtazama bibi yake.

Bibi Nyamizi alirudisha mguu wake nchi kavu. Kisha akaketi ukingoni, akainyoosha miguu yake mbele ya watu wote. "Mimi sijaingia," alisema. "Nani anaingia kabla yangu?"

Hakuna aliyetia mguu. Watu walipokuwa wamesimama hivyo, wengine wakinung'unika, Landrova ikafika. Bwana Samaki aliamkia wazee kwanza, ndipo akaomba. Hakutaka samaki wote. Kambale na kamongo ni wa kijiji, alisema, wala hagusi. Aliomba ngege tu, awahifadhi kwenye bwawa la jirani hadi lambo lichimbuliwe na mvua inyeshe, kisha warudi palepale. Wazee walijadiliana. Majadiliano yalikuwa marefu, na Mina alihesabu kila pumzi. Mwishowe Mwenyekiti Chenge akakuna kichwa, akacheka bila kupenda.

"Haya. Lakini mapipa watabeba vijana wetu. Samaki ni wa kwetu hawa."

Basi Bibi akasimama, akatia mguu, na kazi ikaanza. Watu walizoa kwa matenga, na kila ngege aliyepatikana alipitishwa mkono kwa mkono mpaka pipani. Mjomba Ngosha ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Mkia hauna mistari! Huyu wa pipa! Wa pipa!"

Shuleni, Mina alisimama mbele ya darasa, akasema mwenyewe alichokifanya. Safari ya Ukerewe ilikwenda kwa Queen na gogogo wake, na Mina alibaki kufagia darasa muhula mzima. Hakulalamika. Queen aliporudi, alimletea jiwe jeupe la kule, akaliweka juu ya dawati lao.

Mvua zilipokwisha kujaza lambo jipya, Bwana Samaki alimchukua Mina wakaenda kuwarudisha ngege. Njiani alizungumza naye kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boti.

"Ulifikiri umedanganya kuhusu samaki mmoja aliyekufa. Lakini mimi nilikuwa namtafuta aliye hai, na uongo wako ulinipeleka mbali naye. Ungenyamaza siku moja zaidi, hakuna mtu ambaye angejua. Ungeshinda, na wao wangekwisha. Ukweli uliusema ukiwa umechelewa, lakini uliusema ukiwa bado una kazi ya kufanya. Kumbuka hivyo ukikua: usiucheleweshe ukweli mpaka usiwe na faida kwa mtu."

"Nimesikia, Bwana Samaki," alisema Mina.

Ukingoni, Bibi Nyamizi alikuwa anawangoja, na mkononi alikuwa na chungu kimoja kati ya vile alivyosafirishia samaki mumewe, chenye ufa mmoja uliozibwa kwa lami. Alichota nacho ngege wadogo kutoka pipani hadi kikajaa, akamkabidhi mjukuu wake.

"Miguu yangu imechoka," alisema. "Mwaka huu, wa nyumba yetu anayeingia kwanza ni wewe."

Mina alivua viatu. Kijiji kizima kilisimama kumngoja, naye akatia mguu majini.